Reli ya Skii Uani kwa Bibi

Mpwa wangu alishuka stendi ya Kange, hapa kwetu Tanga, mwishoni mwa mwezi wa Juni akiwa na mfuko mrefu kumpita yeye mwenyewe, mfuko ambao kondakta alilazimika kuulaza kwenye ujia wa basi tangu Dar es Salaam kwa sababu haukuingia kwenye buti. Ana miaka 15, anaishi Oslo, Norway, na dada yangu, na alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka minne. Alipomaliza kumwamkia bibi yake na kunywa dafu, alitoka uani, akahesabu hatua kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye uzio wa nyuma, kisha akarudi kibarazani na kuniuliza, "Mjomba, hapa pana mita ngapi?" Nilimjibu kuwa pana mita 22, kwa maana nilipapima mwenyewe tulipojenga uzio. Akatabasamu, akasema zinatosha.

Ndani ya ule mfuko mlikuwa na jozi mbili kuukuu za skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni na kutelezea juu ya theluji, viatu vya plastiki ngumu vyenye vifungo vya chuma, na kofia ya kukinga kichwa. Skii zake zina urefu wa sentimita 171, zina kiini cha mbao, zimewekewa plastiki chini na ukingo mwembamba wa chuma pembeni, na zimepinda kwenda juu mbele na nyuma ili mtu aweze kuteleza hata kinyumenyume. Umbo hilo la ncha mbili lilienea baada ya kampuni ya Salomon kutoa skii yake iitwayo Teneighty mwaka 1998, na ndilo lililoupa nguvu mchezo anaoupenda kijana wetu, yaani skii za mtindo huru. Katika mchezo huo mtu hateremki tu kutoka juu kwenda chini. Hupanda juu ya reli ya chuma, hugeuza mwili ubavu, na huteleza skii zikiwa zimekingama juu ya ile reli hadi mwisho wake, kisha hushuka na kuendelea na mwendo. Shindano linalounganisha reli na vilima vya kurukia huitwa slopustaili, na liliingia katika Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2014 kule Sochi. Mnorwe Øystein Bråten alichukua medali ya dhahabu ya slopustaili mwaka 2018 huko PyeongChang, na mwenzake Birk Ruud akachukua dhahabu ya mruko mkubwa wa skii, uitwao big air, mwaka 2022 mjini Beijing. Kwa kijana anayekulia Oslo, hao ni kama wachezaji wa mpira walivyo kwa vijana wa kwetu.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo lilinifanya nimsikilize kwa makini, ni kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mchezo huu haihitaji theluji. Kiangazi cha Norway huyeyusha theluji ya mjini yote, na vijana wasiotaka kukaa bure hutandika nyasi bandia au plastiki juu ya mteremko wa mbao, wakaweka reli mbele yake, wakaendelea. Copenhagen wana mteremko mzima wa plastiki juu ya paa la kiwanda cha kuchoma taka kiitwacho Amager Bakke, nao ulifunguliwa mwaka 2019. Kama plastiki inatosha Copenhagen, basi hapakuwa na sababu ya msingi ya kutotosha mtaani kwetu Chumbageni. Mimi ni seremala kwa miaka 19 sasa. Mteremko wa mbao si jambo la kunitisha.

Mama yangu, ambaye uwanja ni wake, aliweka masharti matatu kabla sijagusa hata msumari. Zege lisimwagwe uani. Mnazi usikatwe. Na kila kitu kiwe kimeondolewa kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa hapo ndipo anapopanda mchicha na bamia zake. "Mchezo wenu siujui," alisema, "lakini udongo huu naujua." Nami niliongeza sharti la nne kwa hiari yangu: nilimwita mkwezi aangue nazi zote, mbichi na kavu, pamoja na makuti yaliyolegea, katika minazi miwili iliyokaribiana na mahali ambapo kijana angetua. Kofia ya skii imetengenezwa kwa ajili ya kuanguka kwa mvaaji. Sikutaka kuijaribu kwa nazi inayotoka mita 15 juu.

Kwa mtu wa Tanga neno reli lina maana yake ya zamani. Njia ya reli ya kwanza katika nchi hii ilianza kujengwa hapa mjini mwaka 1893 ikielekea Usambara, na wazee wengi wa mtaa wetu walikula mshahara wake. Kwa hiyo nilipokwenda Ngamiani kwa fundi wa kuchomelea, mzee ambaye amenitengenezea bawaba na grili kwa muda mrefu, na kumwambia kuwa nataka reli ya mita tatu, aliniuliza ya treni gani.

Nilimwonyesha mchoro. Nilikuwa nimechora chuma kwa uangalifu mkubwa: urefu wa mita 3, kimo cha sentimita 35 kutoka ardhini, miguu mitatu. Alivaa miwani yake, akautazama mchoro kwa muda, akaniuliza, "Sasa huyu mtoto anaingilia wapi, na anatokea wapi?" Nikamweleza tena urefu na kimo. Akanirudishia karatasi. "Hayo nimeyaona. Nakuuliza anaingilia wapi na anatokea wapi." Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimechora reli iliyosimama peke yake katikati ya karatasi nyeupe. Majuma matatu yaliyofuata yote yalikuwa ni kulitafuta jibu la swali hilo, na naandika haya kwa sababu naamini yeyote atakayejaribu kujenga kitu cha namna hii atakosea palepale nilipokosea mimi. Chuma chenyewe ni kazi ya siku mbili. Kazi inayobaki yote iko kwenye maungio: mahali mteremko unapokutana na tambarare, mahali tambarare inapokutana na reli, na mahali reli inapokutana na ardhi.

Tuanze na chuma hata hivyo. Mpwa wangu alitaka bomba la mviringo la inchi tatu, kwa sababu ndilo analoliona kwenye mashindano. Fundi alikuwa na bomba la namna hiyo, lakini lilikuwa limepakwa zinki, na alikataa kulichomelea kabla ya kusaga zinki yote kwenye maungio. Moshi mweupe unaotoka zinki inapoungua humtia mtu homa na kutetemeka usiku kucha, na mzee huyo aliwahi kulala siku mbili kwa sababu hiyo alipokuwa kijana. Sikutaka kumpa taabu hiyo. Tulichagua bomba la mstatili la inchi nne kwa mbili lenye unene wa milimita 3, tukalilaza ubapa, uso mpana ukiwa juu. Kwa anayejifunza, uso wa sentimita 10 ni wa huruma zaidi kuliko mgongo wa bomba la mviringo, na kona za bomba hilo hutoka kiwandani zikiwa zimelainishwa, kwa hiyo hazikwaruzi plastiki ya skii. Bomba zima huuzwa likiwa na urefu wa karibu mita 6. Nusu ikawa reli, nusu ikabaki.

Kuhusu kuchomelea nilijifunza jambo moja ambalo kwa seremala ni geni kabisa, nalo ni kwamba chuma hujikunja kinapopoa. Kijana wa pale karakanani aliunganisha mguu wa kwanza kwa mshono mmoja mrefu upande mmoja, na ulipopoa tulilaza rula ndefu juu ya reli tukakuta mwanga unapita katikati. Mzee hakumgombeza. Alikata mshono kwa grinda, akaonyesha namna ya kushika kwa vidoa vidogo, kimoja kushoto, kimoja kulia, kisha kuacha chuma kipumue kabla ya kurudi tena. Reli ilinyooka. Mbao hupinda pia, lakini mbao hukupa taarifa siku nyingi kabla. Chuma hufanya uamuzi wake ndani ya dakika moja.

Mwanzo wa reli haukuachwa wazi. Bomba likiwa na mdomo wazi unaomtazama mchezaji, ncha ya skii inaweza kupita chini yake au kuingia ndani, na hapo mguu utabaki nyuma wakati mwili unakwenda mbele. Fundi alikata pembetatu tatu nyembamba upande wa chini wa bomba, akaukunja mwisho wake ukainama kuelekea ardhini kama mgongo wa jongoo, akaziba nafasi zote na kusaga kila mshono hadi kidole kikipita hakihisi chochote. Upande wa kutokea nao uliinamishwa, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Hapakutumika bolti hata moja sehemu ya juu.

Miguu ilitupa mashaka kwa sababu ya udongo wetu. Kwingine hupigilia vigingi vya nondo na kumaliza, lakini udongo wa uani kwetu ni mchanga mtupu kwenda chini, na kigingi cha sentimita 60 nilikitoa kwa mkono mmoja. Zege lilikwishakatazwa. Tulitengeneza nyayo pana za sentimita 90 kwa bomba la inchi mbili, zikakaa kama herufi T iliyopinduliwa, na juu ya kila wayo tukalaza viroba vya mchanga, viwili kulia na viwili kushoto, jumla viroba 12. Reli haikusogea hata mara moja msimu mzima, na mama aliridhika kwa kuwa mchanga ulikuwa wake na ungerudi palepale.

Mteremko ulikuwa kazi yangu. Nilitumia mirunda kwa nguzo, mbao za mbili kwa nne kwa mataruma, na plaiwudi tatu nzito za milimita 18, zile nyeusi zinazotumika kusukia zege, nikazipanga kwa urefu. Plaiwudi moja ina mita 2.44, kwa hiyo nilipata mteremko wa mita 7.3, na nikauinua hadi kimo cha mita 2.4 juu, pakiwa na jukwaa dogo la kusimamia na reli ya mkono. Kwa hesabu ya darasani, mtu anayeshuka mita 2.4 bila msuguano wowote hufika chini akiwa na mwendo wa karibu kilomita 25 kwa saa. Nyasi bandia zina msuguano mwingi, hivyo nilitarajia kupungukiwa, na tukapungukiwa. Baadaye tulipopiga picha ya video kwa simu na kuhesabu muda wa kuvuka reli ya mita 3, tulipata kama kilomita 13 au 14 kwa saa, na mwendo huo ulimtosha kabisa.

Siku ya kwanza, hata hivyo, hakufika chini. Nilikuwa nimetandika nyasi zikiwa zimelalia upande wa juu. Nyasi bandia zina mlalo kama manyoya ya paka. Ukizipapasa upande mmoja ni laini, ukirudi zinakupinga. Kijana aliondoka jukwaani, akasafiri mita nne, akasimama katikati ya mteremko kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tuliling'oa zulia lote, tukaligeuza, tukalipigilia tena kwa misumari ya mabati kwenye kingo tu, mbali na njia ya skii. Alipojaribu mara ya pili alishuka kwa kasi nzuri, na ndipo tulipolikuta tatizo lenyewe.

Mteremko wangu ulikutana na tambarare kwa pembe. Pembe ya nyuzi 19 si kali kwa macho, na kwa mkokoteni isingekuwa neno, lakini skii ni ubao mrefu na mgumu. Ncha ya mbele ilifika kwenye tambarare wakati mkia ungali juu ya mteremko, katikati pakabaki hewa, mguu ukasimama ghafla na mwili ukaendelea. Alianguka kwa mikono na magoti, akachubuka kiwiko. Aliinuka mwenyewe, akasema yuko salama, lakini niliona namna bibi yake alivyoliweka chini lile ungo alilokuwa akipepetea mchele. Jioni hiyo sikula vizuri. Fundi alikuwa ameniuliza anaingilia wapi, nami nilikuwa nimemjengea mtoto wa dada yangu mahali pa kujikwaa.

Dawa yake ni mviringo. Nilihitaji kipande kinachopinda polepole kutoka nyuzi 19 hadi sifuri, kipana kiasi kwamba skii nzima iweze kulala juu yake bila kuning'inia. Nilipigilia msumari ukutani, nikafunga kamba, nikapima mita 3 kwenye kamba na kupiga fundo, nikachora tao juu ya mbao. Tao la kamba ya mita 3 linatoa kipande chenye urefu wa mita moja tu, nalo kwa skii ya sentimita 171 bado lilikuwa fupi. Tulipoilaza skii juu yake ilionekana wazi inagusa ncha na mkia huku katikati pakiwa patupu. Nikasogeza fundo hadi mita 4. Nikakata mbavu tano kwa msumeno wa mkono, nikapigilia juu yake plaiwudi nyembamba ya milimita 6 tabaka mbili, ya pili ikivuka maungio ya ile ya kwanza, kwa kuwa plaiwudi nyembamba hukubali kupinda pale ambapo nzito ingepasuka. Nyasi zikatandikwa juu bila kukatwa, kipande kimoja kutoka jukwaani hadi mbele ya reli. Aliposhuka asubuhi iliyofuata hakuyumba. Nilisimama pembeni nikiangalia magoti yake tu, na magoti hayakushtuka.

Ungio la pili, kati ya tambarare na reli, tulilirekebisha mara nyingi kuliko yote. Mchezaji aliyekomaa hutaka kilima kidogo na pengo mbele ya reli ili aruke na kutua juu yake. Anayejifunza hutaka ukingo wa mbao ulingane na uso wa reli, ili aingie kwa kuteleza tu. Mpwa wangu anasimama katikati ya hao wawili, na kila siku alikuwa na maoni mapya. Hatimaye nilitengeneza kilima cha urefu wa sentimita 80 ambacho hakikufungwa kwenye tambarare, bali kinasogezwa mbele na nyuma na kuzuiwa kwa kiroba. Ukingo wake uko sentimita 3 juu ya uso wa reli. Sentimita hizo tatu ni muhimu: ukingo ukiwa chini ya reli, hata kwa kidole kimoja, skii hugonga ubavu wa chuma. Ukiwa juu, skii hushuka juu ya chuma kwa upole. Umbali aliouchagua mwishoni ulikuwa sentimita 40, na niliuwekea alama ya rangi nyekundu ili asiuongeze bila kuniambia.

Nilimwuliza siku moja anafikiri nini anapokuwa juu ya chuma. Alisema macho yake hayatazami miguu kabisa, yanatazama mwisho wa reli, na miguu huifuata shingo. Skii lazima zilale bapa. Ukiziinamisha kidogo tu, ukingo wa chuma wa skii unang'ata chuma cha reli, nawe unaanguka upande. Kwa sababu hiyo wachezaji wa reli huchukua tupa na kuufanya butu ukingo wa skii pale chini ya kiatu. Alinionyesha alivyofanya, na nilipopitisha ukucha nikaona tofauti. Ndiyo maana pia alikuja na skii kuukuu, kwa kuwa nyasi na chuma huzila haraka.

Alianguka mara nyingi, na karibu maanguko yote yalikuwa ya kawaida. Moja halikuwa la kawaida. Katikati ya reli, palipoungwa mguu wa pili, palikuwa na tone la chuma kilichoyeyuka lililobaki upande wa pembeni, dogo kama punje ya mtama, na hatukuliona kwa sababu lilikuwa nje ya uso wa juu. Skii ilipopita ikiwa imeinama kidogo, ukingo ulilikamata. Alitua kwa ubavu nje ya nyasi. Nilikwenda kuazima grinda jioni ileile, nikapitia reli nzima kwa macho, kwa kidole, na mwishowe kwa soksi ya nailoni niliyoivaa mkononi, kwa maana nailoni hukwama mahali ambapo ngozi ngumu ya seremala haihisi kitu. Nilipata matone mengine manne. Ningeomba kila anayejenga reli aanze na soksi hiyo kabla mtoto hajapanda.

Mahali pa kutokea tulipamaliza upesi. Tulichimba kidogo, tukajaza mchanga laini, tukaupa mteremko mdogo wa kwenda mbele, kisha nyasi juu yake kwa upana wa mita 2.5. Kutua kwenye mteremko kunachosha magoti kidogo kuliko kutua kwenye tambarare, na mchanga ulikubali kupangwa upya kila asubuhi kwa reki.

Hali ya hewa ya kwetu ilikuwa na sheria zake. Saa sita mchana chuma kiliunguza kiganja, na plastiki iliyo chini ya skii ikishika joto hupoteza utelezi wake, hivyo ratiba ikawa asubuhi mpaka saa tatu, halafu baada ya sala ya alasiri. Nyasi zilitaka maji wakati wote. Zikiwa kavu zinakwaruza na kuchoma ngozi. Zikiwa na maji yenye sabuni kidogo, skii huenda. Hatukutaka kumwaga maji ya bomba hivihivi, kwa hiyo maji ya kufulia, ambayo tayari yana sabuni, yalichujwa kwa kitambaa na kunyunyizwa kwa kopo la kumwagilia. Mvua za mchoo zilipopita mwezi wa Julai zilitufanyia kazi hiyo bure.

Lakini adui mkubwa alikuwa kutu. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi uani, na chuma kilichosagwa usiku huwa chekundu asubuhi. Sehemu za chini na miguu nilizipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Uso wa juu haupakwi rangi, kwa sababu skii huikwangua na mabaki yake hunata. Tulipanguza kwa kitambaa kikavu, tukapitisha msasa laini, kisha tukasugua mshumaa urefu wote. Siku moja tulipokuwa tukivuka njia ya treni, mpwa wangu alisimama akaonyesha namna mgongo wa reli unavyong'aa pale magurudumu yanapopita ilhali ubavu wake ni kahawia tupu. Alisema uso wa reli yetu unataka kutumiwa hivyo kila siku, na baada ya majuma mawili ya kuteleza kweli ulianza kung'aa wenyewe na kutu ikapungua.

Watoto wa mtaa walikuja, na sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Viatu vya skii havikuwatosha, lakini hawakuvihitaji. Waliokota makarara ya minazi aliyoyaangusha mkwezi, wakakaa ndani yake kama ndani ya mtumbwi, wakashuka mteremko na mviringo wake hadi kwenye tambarare, tukiwa tumekiondoa kilima na kuweka viroba mbele ya reli. Karara lililoloweshwa maji linateleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Jirani mmoja mtu mzima, aliyekaa akitazama, aliniuliza kama kuna Mwafrika anayeshindana katika mambo haya. Nilimweleza habari za Philip Boit wa Kenya, aliyeshiriki mbio za skii za kilomita 10 kule Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho, na jinsi mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alivyomsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Mpwa wangu alikuwa hajaisikia habari hiyo. Alikaa kimya kidogo, akaomba nimsimulie tena kwa kirefu, nami nikamsimulia.

Aliondoka katikati ya Agosti. Siku ya mwisho aliteleza reli nzima kinyumenyume, akatoka, akasimama wima kwenye mchanga, na mama yangu, ambaye kwa majuma sita alikuwa akitazama kupitia dirisha la jiko tu, alikuwa amekaa nje kwenye mkeka. Mwezi wa Septemba nilivunja mteremko, mbao zikarudi karakanani, viroba vikamwagwa, na mwanzoni mwa Oktoba mchicha ulikuwa umeshapandwa. Reli imepakwa grisi na kulazwa juu ya mihimili ya banda pamoja na ile nusu ya bomba iliyobaki, ambayo fundi amekubali kuikunja mwakani iwe reli ya kuteremka.

Juzi dada yangu alinipigia simu, kisha akampa kijana. Wenzake kule Oslo wanajenga mteremko uani kwa mmoja wao kabla theluji haijaanza, na wamefika mahali mbao zinapokutana na tambarare. "Mjomba," aliniuliza, "ule mviringo ulikuwa wa mita ngapi?" Nikamwambia asubiri. Nilikwenda karakanani kuitazama kamba, ambayo bado imening'inia kwenye msumari na fundo lake, nikaipima tena ili nisimwambie uongo. Mita nne na sentimita mbili.